Tuliowapenda Kwenye Kioo Wanapobadilika

Sifa zote njema anastahiki Allah (s.w.), na rehma na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (s.a.w.), Ahli zake na Sahaba zake wote. Ama baad.

Wazazi wenzangu na vijana wangu wapendwa, leo sitaandika somo la fiqhi kama ilivyo ada yangu. Nitawasimulia kosa nililolifanya darasani mwaka 2018, kwa sababu naliona kosa hilohilo likirudiwa majumbani mwetu mara kwa mara. Kila anapobadilika mtu maarufu wa video, vijana wetu hugawanyika. Huyu analia, huyu anatukana, huyu anatetea. Na sisi wakubwa tunacheka tu na kusema, "Hayo ni mambo ya simu." Si mambo ya simu, ndugu zangu. Ni mambo ya moyo na ulimi, na kwa hivyo viwili tutaulizwa.

TULIVYOANZA

Mimi ni wa kizazi kilichouona mlango huu ukifunguliwa. Video ya kwanza kabisa ya YouTube iliwekwa tarehe 23 Aprili 2005. Ilikuwa ya sekunde 19 tu. Anayeonekana ndani yake ni Jawed Karim, mmoja wa vijana watatu walioanzisha mtandao huo, ambaye baba yake ni mtu wa Bangladesh. Amesimama mbele ya tembo katika bustani ya wanyama ya San Diego, Marekani, anaeleza kuwa wana mikonga mirefu. Mwaka uliofuata Google iliununua mtandao huo kwa dola bilioni 1.65.

Mwaka huohuo wa 2006 alijitokeza Baba Ali, Muislamu wa Marekani mwenye asili ya Iran, ambaye jina lake ni Ali Ardekani. Alikuwa akikaa mbele ya kamera peke yake na kuzungumza na vijana kwa ucheshi kuhusu tabia zetu sisi Waislamu. Mpaka wakati ule mawaidha tuliyoyajua ni ya kanda za kaseti na ya mimbari. Tulishangaa kuona mtu anatuchekesha kisha anatuacha tukijitazama wenyewe.

Hapa Kigali intaneti ilikuwa ghali na ya polepole. Ilikuwa inakuja kwa setilaiti, kwani waya wa SEACOM ulikuwa haujafika pwani ya Mombasa na Dar es Salaam. Ulifika mwaka 2009. Tulikuwa tukiingia intaneti kafe, tunalipa kwa dakika, na video fupi tunaisubiri mpaka chai ipoe. Mwenzetu mmoja aliyesoma Uganda ndiye aliyekuwa akitufasiria Kiingereza. Ikipatikana video nzima, tunaihifadhi kwenye flashi na kupeana kama watu wanaopeana tende.

Tulimpenda Baba Ali kama ndugu yetu. Miaka ikapita, naye akaendelea na maisha yake. Akashiriki kuanzisha tovuti ya kuwakutanisha Waislamu wanaotafuta ndoa, akapanda majukwaani kuchekesha watu. Yule mwenzetu mfasiri akaudhika. "Siku hizi amekuwa mfanyabiashara," akasema. Nikamjibu, "Na wewe ulikuwa mwanafunzi, sasa unauza matairi. Nani alikugombeza?" Tukacheka, mambo yakaisha.

Nilidhani siku ile kwamba nimelielewa jambo hili. Kumbe nilikuwa sijaguswa.

BINTI NA MITANDIO YAKE

Mwaka 2011 alianza kuweka video Dina Tokio, ambaye jina lake kamili ni Dina Torkia, binti wa baba Mmisri na mama Mwingereza, aliyekulia Uingereza. Aliwaonyesha wasichana namna ya kufunga mtandio na kuvaa nguo za kujisitiri bila kuonekana kama wameazima nguo za bibi zao. Wasichana wa Kiislamu wanaoishi kati ya watu wasio Waislamu walimkimbilia. Mwaka 2016 YouTube ilimchagua katika mpango wake wa kuwaunga mkono watengeneza video wanaopinga chuki. Mwaka 2018 alitoa kitabu chake Modestly. Katika Instagram wafuasi wake walipita milioni moja.

Katika madrasa yangu alikuwamo binti mmoja wa miaka 15, mtoto wa Biryogo, mwenye akili na mwenye haya. Mama yake alinieleza siku moja kwamba mwanawe ameanza kujisitiri mwenyewe bila kulazimishwa. Alikuwa akisimama mbele ya kioo cha mamake, simu kaiegemeza kwenye chupa ya mafuta, akijifunza kufunga mtandio kwa video za Dina. Mama alikuwa na furaha, nami nikafurahi. Nilisema, "Allah hujaalia sababu anazozitaka."

Kisha, kuelekea mwisho wa mwaka 2018, Dina akaanza kuonekana nywele zake zikiwa wazi. Akasema waziwazi kuwa havai tena mtandio muda wote, na kwamba kuna mambo katika jamii ya wanablogu wa hijabu yanayomchukiza. Habari zikaenea. Wasichana wangu wakawa wananong'ona kabla ya darasa kuanza.

NENO NILILOLISEMA

Ilikuwa Jumamosi baada ya Adhuhuri. Nilikuwa nimechoka, nimesikia minong'ono ile, nikaona hii ni nafasi ya kutoa somo. Nikasema mbele ya wote, "Mmemwona mliyemfanya imamu wenu? Ameiuza dini kwa wafuasi." Wavulana wakacheka. Na mimi, Allah anisamehe, nilitabasamu kwa kuwa neno langu limependwa. Yule binti aliinamisha kichwa, akawa anaandika kitu kwenye daftari ambacho nilijua si somo.

Baada ya darasa kijana mmoja wa miaka 16 akanijia na simu mkononi. Uso wake ulikuwa umejaa furaha ya mtoto aliyehifadhi sura nzima.

"Maalim, nimemwandikia."

"Umemwandikia nani?"

"Yule Dina. Nimemwambia maneno yako."

Nikaitazama simu. Chini ya picha ya yule mwanamke lilikuwapo neno langu kwa Kiingereza. Mwishoni kijana alikuwa ameongeza neno lake mwenyewe, ambalo siwezi kuliandika kwenye ukurasa unaosomwa na familia. Na watu kadhaa walikuwa wameshalipenda.

Hofu iliniingia. Neno nililolisema ndani ya kuta nne, mbele ya watoto wasiozidi 30, lilikuwa limevuka bahari na kufika mlangoni mwa mtu. Nilipaswa kumwambia palepale alifute. Sikusema. Niliona haya, kwa sababu kumkemea yeye kulikuwa ni kujikemea mimi. Nikamwambia, "Haya, nenda nyumbani, usichelewe Alasiri." Hilo ndilo kosa langu la pili, na naliona ni kubwa kuliko la kwanza.

Jumamosi iliyofuata binti hakuja. Wala iliyofuata. Nilijiambia ni likizo ya Desemba, pengine ameenda kwa shangazi yake Bujumbura.

DAKIKA ZAIDI YA AROBAINI

Mwanzoni mwa Januari 2019 Dina Tokio aliweka video ndefu, ya zaidi ya dakika 40. Hakufundisha mavazi. Alikaa akasoma matusi aliyoandikiwa tangu alipoanza kuonekana bila mtandio. Alisoma moja baada ya jingine, bila haraka, hadi mwisho.

Niliposikia habari ya video ile sikupata usingizi. Nilimwomba binti yangu mkubwa akae nami anifasirie, kwa kuwa Kiingereza changu ni cha kubahatisha. Nilimwambia nataka kujua tu vijana wanazungumza nini. Ukweli ni kwamba niliketi pale nikiogopa kulisikia neno langu.

Binti yangu akaanza kufasiri. Baada ya dakika chache akanyamaza. Nikamwambia, "Endelea." Akasema, "Baba, hili siwezi kulitamka mbele yako." Tukaendelea. Akanyamaza tena. Ikawa kila mara ananyamaza, nami najua kwa kunyamaza kwake ni tusi la namna gani. Kisha akaniuliza, "Baba, hawa ni Waislamu?" Maana katika matusi yale walikuwamo waliotaja jina la Allah, na waliomwombea mtu moto.

Neno langu sikulisikia. Lakini nilisikia ndugu zake wengi, wamezaliwa tumbo moja.

Wiki ileile mama wa yule binti alikuja msikitini, akaniita pembeni. Alizungumza kwa heshima kama kawaida yake. "Maalim, mwanangu hataki kurudi madrasa. Anasema kama Waislamu wanaweza kumwambia mtu maneno yale, basi siku na yeye akikosea watamwambia hivyohivyo. Na anasema," hapa akasita kidogo, "anasema maalim alicheka."

HADITHI NILIYOKUWA NIKIIFUNDISHA

Nilirudi nyumbani nikakaa na vitabu vyangu. Ipo hadithi katika Sahihi Bukhari ambayo nimeifundisha miaka mingi. Mtu mmoja katika zama za Mtume (s.a.w.) alikuwa akiletwa mara kwa mara kwa kosa la kunywa pombe, na anaadhibiwa. Siku moja mmoja wa waliokuwapo akamlaani kwa jinsi anavyoletwa mara nyingi. Mtume (s.a.w.) akakataza asilaaniwe, akashuhudia kuwa mtu yule anampenda Allah na Mtume wake. Na katika riwaya nyingine aliwakataza wasiwe wasaidizi wa shetani dhidi ya ndugu yao.

Tazameni, ndugu zangu. Kosa halikuitwa jema. Adhabu haikufutwa. Lakini laana ilikatazwa, na mlango ukaachwa wazi ili mtu apate pa kurudia. Nilikuwa naijua hadithi hii kwa sanadi, nikaisahau siku nilipoihitaji. Na Suratul Hujurat, aya ya 11 na ya 12, ambazo watoto wangu wanazisoma kwa tajwidi, zinakataza kudharauliana, kuitana majina mabaya, dhana mbaya na kusengenyana, na zinamfananisha msengenyaji na mtu anayekula nyama ya ndugu yake aliyekufa. Nilikuwa nikiwasahihishia makharija, na huku maana yake imenipita.

SWALI LA BINTI

Nikamchukua mke wangu, tukaenda nyumbani kwao baada ya Isha. Mbele ya mama yake nilimwambia yule binti kwamba nilikosea, nimemwomba Allah msamaha, na sasa namwomba yeye. Alishtuka. Watoto wetu hawajazoea kuombwa radhi na mwalimu, na hilo nalo ni la kutufikirisha.

Kisha akaniuliza swali ambalo sitalisahau. "Maalim, mimi nilianza kujisitiri kwa sababu yake. Sasa yeye ameacha. Je, hijabu yangu ilikuwa ya kwake au ya Allah?"

Mke wangu akanitazama. Nikaomba maji ninywe ili nipate muda.

Nikamwambia, "Mwanangu, ulipokuwa mdogo ulianza kuswali kwa kumwiga baba yako. Anarukuu, unarukuu. Hukuwa ukimwabudu baba, ulikuwa ukijifunza njia. Kisha ikaja siku ukaswali peke yako chumbani, mlango umefungwa, hakuna anayekuona. Siku ile swala ikawa yako na Mola wako. Mtandio nao una siku yake kama hiyo. Pengine siku yake ndiyo hii."

Hakusema kitu. Jumamosi alikuja.

KWA NINI INAUMA SANA

Tangu siku zile nimejaribu kuelewa kwa nini mtu aumie, au akasirike hivi, kwa mabadiliko ya mtu ambaye hajawahi kukutana naye. Nimekuta kwamba wataalamu wawili wa Marekani, Donald Horton na Richard Wohl, waliliandikia jambo hili zamani, mwaka 1956, wakati wa televisheni. Walieleza kuwa mtazamaji anayemwona mtangazaji kila siku, akimtazama machoni na kumzungumzisha kama rafiki, hatimaye hujiona anafahamiana naye. Ni urafiki wa upande mmoja.

Video za mtandao zimeuzidisha urafiki huo. Mtangazaji wa televisheni alikuwa studio amevaa suti. Huyu wa leo yuko jikoni kwake, mtoto wake analia, kikombe chake unakijua rangi. Kijana anamtazama akiwa kitandani, simu iko karibu na uso wake kuliko uso wa mama yake. Baada ya miaka saba kijana anajua kila kitu chake, na yeye hajui hata jina la kijana. Siku anapobadilika, kijana anahisi amevunjiwa ahadi. Lakini ahadi hiyo haikuwahi kuwekwa.

Jambo la pili ni umri. Msichana aliyeanza kumtazama mtu akiwa na miaka 9, leo ana 16. Anasema, "Yule amebadilika." Kweli, lakini hata wewe, binti yangu, umebadilika. Anayelilia video za zamani mara nyingi analilia pia utoto wake na wale aliokuwa akitazama nao.

Jambo la tatu ni kazi yenyewe. Tangu mwaka 2012 YouTube ilianza kuzipendekeza zaidi video zinazotazamwa kwa muda mrefu, badala ya kuhesabu tu ni watu wangapi wamezifungua. Malipo yanatokana na matangazo, na mwaka 2018 liliwekwa sharti kwamba chaneli ili ipate fungu la matangazo iwe na wafuasi 1,000 na saa 4,000 za kutazamwa ndani ya miezi 12. Kwa hiyo unayemwona kioo kizima ni mtu na ni duka pia. Mara nyingine mtu kabadilika moyo, na mara nyingine duka limebadilisha bidhaa. Wewe uliye mbali huwezi kujua ni lipi. Na jueni kuwa hata anayefungua video ili atukane tu, naye anahesabiwa kuwa ametazama.

MASHABIKI WA NAMNA TANO

Katika wanafunzi wangu nimeona namna tano za kupokea mabadiliko haya. Wako wanaotukana, na hawa ndio wanaosikika zaidi, ingawa sidhani kama ndio wengi. Wako wanaotetea kila kitu, wanasema mpenzi wao hakosei, hata jambo la wajibu wanalifanya kuwa hiari ili yeye asionekane na dosari. Wako wanaomfuata, yaani akivua wanavua, akivaa wanavaa. Wako wanaohuzunika kimya kimya, na hawa ndio tunaowasahau. Na wako wanaoondoka kwa adabu: hawaangalii tena, hawasemi neno, wanamwombea dua na kuendelea na mambo yao.

Mtukanaji na mfuasi huonekana kama maadui, lakini ugonjwa wao mmoja. Wote wawili walimpa mtu nafasi isiyo yake. Mmoja amekasirika kwa kuwa nguzo yake imeanguka, mwingine ameanguka nayo.

MIZANI YETU

Januari 2020 mambo yaligeuka upande wa pili. Rosie Gabrielle, mwanamke wa Canada anayejulikana kwa video za safari za pikipiki, baada ya kuizunguka Pakistan alitangaza kuwa amesilimu. Siku ile simu yangu ilijaa. Takbir zilisikika katika kila kundi. Wale wavulana wangu walimwita dada yetu.

Lakini huyu naye alikuwa na mashabiki wa zamani waliompenda kwa pikipiki na milima. Baadhi yao waliudhika, wakamwambia amepotea na amewasaliti. Tuliposoma maneno yao tulisema, "Hawa wana chuki gani? Moyo ni wake, wao inawahusu nini?" Mimi nikawaza, maneno hayohayo hatukuyasema miezi 12 iliyopita.

Sitaki nieleweke vibaya. Sisemi kuwa mabadiliko yote ni sawa. Kujisitiri kwa mwanamke wa Kiislamu ni wajibu, maimamu wa madhehebu manne wamelieleza hilo, na sitalibadilisha ili nionekane mpole. Kusilimu ni neema kubwa kuliko zote. Ninachosema ni kuwa adabu ya ulimi haibadiliki kwa kuwa mtu ametufurahisha au ametuudhi. Na hatummiliki mtu kwa kuwa tumemtazama. Katika Suratul Qasas, aya ya 56, Mtume (s.a.w.) mwenyewe anaambiwa kuwa hawezi kumwongoa kila ampendaye, na kwamba Allah ndiye amwongozaye amtakaye. Ikiwa huyo ni Mtume, seuze shabiki mwenye simu.

Wema waliotutangulia walilijua hili. Imepokewa kutoka kwa Abdullah bin Mas'ud (r.a.) maana ya kwamba anayetaka kumfuata mtu awafuate waliokwisha kufa, kwa kuwa aliye hai hajasalimika na fitina. Na siku alipofariki Mtume (s.a.w.), watu walipotaharuki, Sayyidna Abubakar (r.a.) aliwakumbusha kuwa Muhammad amekufa, ama Allah yu hai na hafi. Dini haikuachwa iegemee hata juu ya uhai wa mbora wa viumbe. Vipi iegemee chaneli?

TUFANYE NINI NYUMBANI

Wazazi wenzangu, kwanza tujue watoto wetu wanampenda nani. Usimpokonye simu ukaipekua kama askari. Kaa naye, mwambie akuonyeshe video moja anayoipenda, ucheke panapochekesha. Ukijua jina la anayempenda leo, kesho akibadilika utajua kwa nini mtoto hali chakula.

Pili, tuwafundishe kupenda kwa kiasi. Imepokewa kutoka kwa Sayyidna Ali (r.a.) nasaha ya kumpenda umpendaye kwa kiasi, kwani huenda siku moja akawa adui yako, na kumchukia umchukiaye kwa kiasi, kwani huenda siku moja akawa kipenzi chako. Sijui maneno yanayomfaa mtazamaji wa video kuliko haya.

Tatu, mtoto ajifunze hukumu za dini yake kwa dalili zake, kutoka kwa wanaozijua. Mtu wa video anaweza kumpendezesha jambo, na hilo ni zuri, lakini asiwe yeye ndiye msingi.

Nne, kabla kijana hajaandika neno chini ya picha ya mtu, ajiulize: ningelisema hili akiwa amekaa hapa, na baba yake amekaa pembeni yake? Kama hapana, aache. Kuacha kumfuata mtu ni haki yake, na hakuhitaji hotuba.

Na tano ni letu sisi walimu. Mwanafunzi hatusikii maneno tu. Anatuona tunapocheka.

NENO LA MWISHO

Yule kijana nilimwita nikamweleza kila kitu, nikamwambia kosa lilianza kwangu. Alilifuta neno lake palepale mbele yangu. Siku ya pili akarudi, hana furaha. "Maalim, nimelifuta. Lakini waliolisoma je? Na yeye je? Nilitaka nimwandikie aniwie radhi, lakini maoni ni maelfu, hataliona." Sikuwa na jawabu zaidi ya kumwambia tuombe istighfari na tumwombee yule tuliyemuumiza. Mpaka leo namwombea, Allah ampe kila la kheri, amrudishe yeye na aturudishe sisi, maana sote ni warudi.

Ama yule binti, sasa ni mtu mzima. Jumamosi hunisaidia kuwafundisha wasichana wadogo. Siku moja nilimkuta akimfunga mtoto mtandio uliomlegea, na mtoto akamwuliza, "Dada, na wewe ulifundishwa na nani?" Akamtaja Dina Tokio kwa jina lake, kwa heshima, kama mtu anavyomtaja mwalimu wake wa zamani. Kisha akamwambia, "Simama sawa, tumalize. Adhana imekaribia."

Ewe Allah, Mwenye kuzigeuza nyoyo, zithibitishe nyoyo zetu katika dini yako, na utulindie ndimi zetu. Aamin.

Wabillahi tawfiq. Wassalaamu alaykum warahmatullahi wabarakaatuh.